Hita ya mafuta ya taa inayotoa moshi: shajara ya matengenezo, Njombe

Hita hii ni mtumba kutoka Japani, ya utambi mmoja wa duara, yenye kichomeo cha kioo na bati linaloakisi joto kuelekea mbele. Kibandiko chake kinasema kilowati 2.3. Ilinunuliwa kwa shilingi 120,000 kwa ajili ya bruda, yaani chumba cha joto cha kulelea vifaranga, ya vifaranga 200 mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10, na umeme ukikatika saa nane usiku taa za joto zinageuka mapambo. Hita inawaka. Tatizo ni moshi: masizi meusi yanaelea chumbani, harufu inachoma macho, na kioo kinakuwa cheusi kabla ya nusu saa kwisha.

Shajara hii ni ya mwenye hita ya namna hii, au hata jiko la tambi, maana chanzo cha moshi ni kilekile: mafuta yanayopanda ni mengi kuliko hewa inayoyafikia. Mambo ya kawaida tumeyafupisha. Yaliyoshindikana tumeyaandika kwa urefu, kwa sababu ndiyo yanayokula pesa.

Mei 24, 2025: hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Tumeiwasha nje, mahali pasipo upepo, ili tuone moshi unatokea wapi. Upande wa kulia moto ni mfupi na una rangi nzuri, na bati lenye matundu ndani ya kioo linaanza kuwa jekundu. Upande wa kushoto ulimi wa njano unapanda hadi juu ya kioo na kumwaga masizi. Hii ni dalili ya kuzingatia sana. Moshi wa upande mmoja unatuelekeza kwenye kichomeo kilichokaa mshazari au utambi usiolingana. Moshi wa duara zima unatuelekeza kwenye mafuta, hewa au urefu wa utambi. Anayeanza kufungua nati kabla ya kuutazama moto vizuri anajinyima habari ambayo hataipata tena akishafungua.

Kichomeo cha hita hizi hakifungwi kwa skrubu. Kinakaa kwa uzito wake juu ya mdomo wa utambi, na kina kishikio kidogo cha waya. Tumekishika hicho kishikio na kukisogeza kushoto na kulia, kama sentimita moja kila upande, mpaka kikateleza kwa ulaini. Ulimi wa njano ulipungua kwa theluthi hivi, haukuisha. Kwa hiyo kichomeo kilikuwa mshazari kweli, lakini si peke yake. Kusogeza huku kufanyike kila mara hita inapowashwa. Hakuna gharama, na hita nyingi zinazosemwa ni mbovu hupona hapo.

Mei 27: mafuta

Mafuta yaliyokuwemo tuliyamimina kwenye chupa ya kioo na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi chini ya chupa kulikuwa na maji yenye unene wa kidole, na juu yake mafuta yenye rangi ya chai hafifu. Mafuta ya taa mazuri huwa angavu. Yakishakuwa ya njano, ama yamekaa mno juani ndani ya dumu jeupe, ama yamechanganyika na kitu.

Kuna vipimo viwili vya kutumia popote, bila maabara. Cha kwanza ni cha dizeli: dondosha tone la mafuta unayoyashuku na tone la mafuta unayoyaamini kwenye karatasi moja nyeupe, uyaache kivulini. La mafuta ya taa hukauka na doa lake hufifia, la mafuta yenye dizeli huacha doa la grisi linalodumu. Cha pili ni cha petroli, na hiki ni cha kuokoa maisha: weka tone kwenye ncha ya kidole, mbali na moto, ulipulize. Petroli hukauka mara moja na kuacha ubaridi, mafuta ya taa hubaki yameloanisha kidole. Ukihisi petroli, usijaribu kuyachanganya ili yapungue nguvu. Mafuta hayo hayaingii kwenye hita kabisa, hata kidogo, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno.

Yetu yalionyesha dizeli kidogo, na maji. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua biashara ya kuyachanganya kwenye dizeli, kwa hiyo siku hizi si rahisi muuzaji apate faida kwa kuyatia kwenye dizeli. Kinachoyachafua zaidi mitaani ni dumu lililobeba dizeli jana, na mpira wa kunyonyea unaotumika kwa kila kitu. Tumenunua dumu jipya la lita 10 na faneli yenye chujio, tukaandika juu ya dumu kwa rangi kuwa ni la mafuta ya taa tu. Vyote viwili shilingi 14,000. Mafuta mapya tumepata kwa shilingi 3,100 lita.

Kubadilisha mafuta kwenye tangi la juu hakutoshi. Tangi hilo la kuchomoa linamwaga kwenye trei ya chini, na maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanakaa humo daima. Tumeifungua trei, tukaisuuza kwa nusu lita ya mafuta safi mara mbili, tukaikausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kulikuwa na kutu laini, kama kijiko kimoja cha chai. Trei isisuuzwe kwa maji ya sabuni wala petroli.

Matokeo: harufu imepungua sana. Ulimi wa kushoto upo palepale.

Juni 1: kuuchoma utambi bila mafuta

Utambi wa hita hizi una sehemu mbili. Juu ni nyuzi za kioo, ambazo haziungui. Chini ni pamba, ambayo kazi yake ni kunyonya mafuta kutoka kwenye trei. Mafuta machafu yakichomeka huacha kaa gumu juu ya nyuzi za kioo, na mafundi wengi wanaliita ukoko. Palipo na ukoko mafuta hayapandi sawasawa, na utambi hausogei vizuri ndani ya mirija yake. Kwetu swichi ya kuzungusha ilikuwa nzito kiasi cha kuumiza vidole.

Ukoko hauondolewi kwa mkasi. Utambi wa pamba wa jiko hukatwa, wa nyuzi za kioo haukatwi, kwa sababu ukishapunguza zile nyuzi za juu moto unaikaribia pamba. Njia yake ni hii: peleka hita nje, maliza mafuta yote kwenye tangi na trei, iwashe, uiache mpaka ijizimie. Pandisha utambi hadi mwisho, iwashe tena. Rudia mpaka isishike kabisa. Ikipoa, piga ukoko taratibu kwa mswaki wa zamani, ukielekeza mswaki juu, kisha nyonya au pulizia vumbi lisiingie chini. Zoezi hili linatoa moshi mwingi na harufu mbaya, ndiyo maana haliruhusiwi ndani ya nyumba.

Hita yenye utambi wa pamba tupu isichomwe hivi, utambi wote utaisha. Angalia rangi: nyuzi za kioo ni nyeupe zinazong'aa na zinakwaruza kidole, pamba ni laini.

Swichi imekuwa nyepesi. Moto wa kushoto umeshuka, lakini ukoko wa sehemu yenye urefu wa sentimita 6 umegoma kutoka, na chini yake nyuzi zimekwisha kulika. Hakuna kusafisha kutakakorudisha nyuzi zilizolika. Unahitajika utambi mpya.

Juni 8: utambi wa kushona, na kwa nini tumeuacha

Utambi halisi hauuzwi Njombe. Wazo linalomjia kila mtu ni kushona tambi za jiko ziwe mduara. Tumelijaribu kikamilifu ili lisiwe la kubahatisha. Tambi 10 za jiko kwa shilingi 500 kila moja, zimepangwa bega kwa bega, zimeshonwa kwa uzi wa pamba juu ya kitambaa cha pamba, unene ukakaribia ule wa utambi wa zamani.

Umewaka. Dakika kumi za kwanza ulionekana mzuri hata kuliko ule wa zamani. Baada ya hapo kila mshono ulianza kutoa ulimi wake wa njano, kwa sababu penye mshono kuna nafasi ndogo ambayo mvuke wa mafuta hupenya bila kupangwa. Ncha za pamba zilianza kuungua na kuwa kaa. Kufikia saa ya pili duara zima lilikuwa linatoa moshi, ingawa tulikuwa tumeteremsha utambi kadiri inavyowezekana.

Hayo yote yangeweza kuvumiliwa kwa muda. Lililotufanya tuuache siku hiyohiyo ni kizimio cha dharura. Hita hizi zina uzito mdogo unaoning'inia ndani, na hita ikitikiswa au kuangushwa, uzito huo huachia springi na utambi hushuka mara moja. Tumeitikisa hita makusudi: springi imefyatuka, utambi wa kushona umekwama katikati, moto umeendelea kuwaka. Ndani ya bruda yenye maranda sakafuni, hita isiyozimika ikianguka ni kuteketeza banda. Utambi wowote usioshuka wenyewe haufai, hata kama moto wake ni wa buluu tupu.

Shilingi 5,000 na lita mbili za mafuta zimekwenda hapo. Asilirudie mtu.

Juni 10: kupima na kuagiza

Muuzaji wa vipuri atauliza modeli. Kama kibandiko kimefutika, vipimo vitatu vinatosha: kipenyo cha ndani cha utambi, unene wake, na urefu kutoka ncha hadi ncha. Pima kwa rula ya chuma, kwa milimita, na upime utambi ukiwa mkavu umelazwa bila kuvutwa. Ongeza picha ya pini za pembeni zinazoshika utambi kwenye kibebeo chake: ziko ngapi, na ziko umbali gani kutoka ukingo wa juu. Utambi wenye kipenyo sawa lakini pini zilizopishana kwa milimita 3 utakaa juu mno au chini mno, na moshi utarudi.

Umepatikana kwa mwagizaji wa Dar es Salaam kwa shilingi 48,000, na basi shilingi 7,000.

Juni 21: kufunga utambi mpya

Kazi ya saa moja na nusu kwa anayeifanya mara ya kwanza. Toa betri kwanza. Ondoa tangi, nyonya mafuta ya trei, toa kichomeo na ukiweke mahali ambapo hakitagongwa, maana kioo chake hakina mbadala wa karibu. Skrubu za kava ni za nyota. Swichi ya mbele huvutwa tu. Ndani kuna nati nne za kufungua kwa mkono zinazobana kibebeo cha utambi. Zifunguliwe kwa zamu za mshazari, na gasketi ya chini isichanike. Ikichanika, hewa itapita pasipostahili na moto utayumba.

Utambi mpya hukunjwa kwa umbo la figo ili uingie ndani ya kibebeo, kisha husukumwa ukae na pini zote ziingie kwenye matundu yake. Hapa ndipo panapoharibiwa. Pini moja ikiwa nje, utambi hukaa mshazari na unarudi kwenye moshi wa upande mmoja. Baada ya kuufunga, panda na shuka mara kadhaa bila mafuta, halafu pima kwa rula sehemu nne za duara. Sisi tulipata milimita 10, 10, 9 na 10 utambi ukiwa juu kabisa. Tulifungua tena, tukabonyeza pini upande wa 9, zikalingana zote. Kisha tukaitikisa hita: utambi umeshuka wote, kwa kishindo. Hapo ndipo mafuta yaliporuhusiwa.

Baada ya kujaza, subiri saa nzima kabla ya kuwasha. Pamba kavu huchukua muda kunyonya. Ukiwasha mapema nyuzi za juu hupata moto zikiwa kavu na ukoko wa kwanza unaanza siku hiyohiyo. Betri mbili kubwa mpya za kuwashia, shilingi 6,000. Waya wa kuwashia ukiwa hafifu watu huubonyeza kwa muda mrefu juu ya utambi, nao hung'oa nyuzi. Heri kibiriti kuliko betri iliyochoka.

Mzunguko wa kwanza: moto sawa pande zote kwa mara ya kwanza tangu hita ifike. Palikuwa na uzi mmoja uliochomoza na kutoa ulimi mwembamba. Usiuvute, utafumua wengine. Tuliuacha ukajipanga wenyewe.

Lakini baada ya dakika 20, hita ilipopata joto kamili, ndimi za njano zilianza kutokeza juu ya kichomeo, duara zima. Moshi mwepesi, ila moshi. Utambi mpya, mafuta safi, kichomeo kimekaa. Kimebaki kitu kimoja, nacho ni hewa.

Juni 22: njia za hewa

Hita huvuta hewa kutoka chini. Tulipoigeuza, nusu ya matundu ya chini yalikuwa yamezibwa na vumbi na nyuzi za zulia, mabaki ya nyumba ilikotoka. Matundu ya mabati ya kichomeo yalikuwa na masizi. Tumeyasafisha kwa brashi laini na pampu ya baiskeli. Yasitobolewe kwa msumari: ukubwa wa kila tundu ndio unaopanga hewa, na tundu lililopanuliwa haliwezi kurudi.

Kwenye bruda tatizo hili litajirudia kwa namna nyingine. Maranda ya misonobari ni mepesi, vifaranga wanayapekua, na kuanzia wiki ya pili manyoya laini yanaruka kila mahali. Kwa hiyo hita haikai juu ya maranda. Tumejenga kituo: matofali, juu yake bati bapa, eneo la nusu mita kuzunguka hita lisilo na maranda, kisha uzio wa waya umbali wa sentimita 90 mbele na 60 pembeni. Shilingi 22,000. Matundu ya chini yanapigwa brashi kila asubuhi, hita ikiwa imezimwa.

Moshi umepungua, haujaisha. Kwa kupima mafuta yanayoliwa tumeanza kuelewa sababu.

Juni 28: mwinuko

Lita moja ya mafuta ya taa inahitaji zaidi ya mita za ujazo 10 za hewa ili iungue yote. Hesabu hiyo ni ya pwani. Kwenye mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya usawa wa bahari, maana yake kila pumzi ya hewa inayopanda ndani ya kichomeo ina oksijeni pungufu kwa moja ya tano. Mafuta hayajui hilo. Utambi unayapandisha kwa kiasi kilekile kilichokusudiwa na mtengenezaji. Ndiyo maana hita nyingi za Japani huandikiwa mpaka wa mwinuko, na ndiyo maana hita iliyowaka vizuri Tanga inaweza kutoa moshi Njombe, Makete au Limuru bila kuharibika popote.

Dawa ni kupunguza utambi unaochomoza, lakini kwa kipimo. Ukishuka mno moto haulipi lile bati lenye matundu joto la kutosha, mvuke unatoka bila kuungua, na harufu pamoja na gesi yenye sumu huongezeka hata kama moshi hauonekani. Huo ni mtego: macho yanasema pamepona, kumbe pamekuwa pabaya zaidi. Kwa hiyo tumejaribu milimita moja moja, kila hatua ikipewa nusu saa kamili.

Kwenye milimita 10, ndimi za njano na masizi. Kwenye 9, ndimi fupi, kioo kinaanza kufifia. Kwenye 8, safi kwa muda, lakini mlango ukifunguliwa na upepo ukiingia ndimi zinarudi. Kwenye 7, bati lote ni jekundu la chungwa, hakuna ulimi unaovuka kichomeo, hata mlango ukifunguliwa. Kwenye 6, nusu ya juu ya bati imerudi kuwa nyeusi na harufu imeanza.

Tumeichagua 7. Ili mlinzi wa usiku asihitaji kukisia, tumeweka skrubu ndogo kwenye kava inayozuia swichi kuzunguka zaidi ya hapo. Inazuia kupanda tu. Kushuka kumeachwa huru kabisa, na kizimio cha dharura kimejaribiwa upya baada ya kuifunga. Mwenye kuiga hili, ahakikishe hivyo kabla ya kuweka mafuta.

Matumizi tumeyapima kwa mizani ya duka: pima tangi, washa saa nne, pima tena, gawa kilo zilizopungua kwa 0.8 upate lita. Kwenye milimita 10 ilikuwa lita 0.24 kwa saa. Kwenye 7 ni 0.19, sawa na kilowati 1.8 hivi. Saa 12 za usiku ni lita 2.3, takriban shilingi 7,000.

Julai 5: joto halitoshi, na unyevu

Kilowati nusu iliyopotea imeonekana papo hapo. Chumba cha mita 4 kwa 5 kilifika nyuzi 21 tu usiku. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 pale wanapolala, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Kishawishi cha kulegeza ile skrubu ni kikubwa. Jibu sahihi ni kupunguza chumba. Tumegawanya kwa sailingi bodi tatu, shilingi 54,000, tukabaki na mita 3 kwa 3, na nyufa za chini ya mlango zikazibwa. Kwenye eneo la mbele ya hita tumepata nyuzi 33, pembeni 27. Vifaranga wanachagua wenyewe, na hilo ni zuri kuliko chumba chenye joto moja.

Kisha maranda yakaanza kulowa bila maji kumwagika. Kila lita ya mafuta ya taa inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke, na hita isiyo na bomba la kutolea moshi huuacha wote chumbani. Usiku mmoja ni zaidi ya lita mbili. Mvuke huo ukigusa ukuta baridi unarudi kuwa maji. Maranda yaliyolowa huleta amonia, gesi inayochoma macho, na koksidia, ugonjwa wa matumbo ya kuku. Tumefungua matundu mawili ukutani, ya sentimita 15 kwa 30 kila moja, moja chini upande wa mlango na jingine juu upande wa pili. Joto la pembeni limeshuka kwa nyuzi 2, maranda yamekauka. Ni biashara inayolipa.

Julai 19: kaboni monoksidi

Gesi hii ya sumu haina harufu wala rangi, na kukosekana kwa moshi si ushahidi kuwa haipo. Kipimaji cha betri chenye namba kimenunuliwa kwa shilingi 65,000, ghali kuliko utambi, na tungekinunua tena kesho. Kimetundikwa kwa urefu wa uso wa mtu aliyeketi, mita mbili kutoka hita.

Matundu yote yakiwa wazi na utambi kwenye milimita 7, kimesoma kati ya sehemu 0 na 4 za gesi katika milioni za hewa kwa usiku mzima. Tulipoziba matundu kwa viroba makusudi, bila mtu wala kifaranga ndani, kilipanda hadi 30 ndani ya saa moja na nusu na kikaanza kulia. Moto haukutoa moshi hata kidogo wakati huo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani ni miligramu 10 kwa mita ya ujazo kwa saa 8, yaani kama 9 katika milioni.

Kwa hiyo kanuni za banda zimeandikwa mlangoni. Matundu hayazibwi, hata baridi iwe kali namna gani. Mtu halali ndani ya bruda. Kujaza mafuta ni nje, hita imezimwa na kupoa walau dakika 15, tangi linapanguswa kabla ya kurudishwa. Kichwa kikianza kuuma, toka nje kwanza, hita utaizima baadaye ukiwa na mwenzako. Nyanda hizi za baridi hupoteza watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hita ya mafuta iliyofungiwa haina huruma zaidi ya jiko.

Agosti 16: kundi la kwanza limetoka

Hita imewaka kila usiku kwa wiki tatu za kundi la kwanza. Kioo kimebaki angavu. Ukoko mwembamba umeanza kuonekana kwenye ukingo wa utambi, hivyo uchomaji wa bila mafuta utafanyika kabla ya kila kundi jipya, nje. Trei imefunguliwa: maji kidogo sana, kutu hakuna.

Moshi na harufu za dakika chache za kuwasha na kuzima bado zipo, na kwa hita ya aina hii hazitaisha, kwa sababu bati likiwa baridi mvuke hauungui wote. Tunawasha saa moja kabla ya vifaranga kuingizwa, mlango ukiwa wazi. Katikati ya usiku haizimwi na kuwashwa ovyo ili kubana mafuta, kwani kila mara ni masizi na ukoko mpya.

Gharama mpaka leo, mafuta ya majaribio lita 14 yakiwemo (43,400): hita 120,000, dumu na faneli 14,000, tambi za kushona zilizopotea 5,000, utambi na usafiri 55,000, betri 6,000, kituo na uzio 22,000, sailingi bodi 54,000, kipimaji 65,000. Jumla shilingi 384,400. Utambi wa akiba umeagizwa kwa vipimo vilevile, utafika kabla ya kundi la Septemba.